Mechi 244 Bila Kukosa: Hotuba Kuhusu Jim Stynes

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni kwa wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Melbourne, kabla ya usajili wa msimu wa mpira wa Kiaustralia, yaani footy, kuanza. Wengi walikuwa zamu ya usiku kazini, wakaniomba niiweke yote. Picha sikuziweka, maneno ni yaleyale.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na baba zangu mliotoka Kivu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa, karibuni sana. Na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, tayari kutoroka, nimewaona. Sogeeni mbele, viti vipo.

Waandaaji wamenipa mada: "Michezo na mafanikio ya mtoto wa mhamiaji." Mada nzuri. Lakini neno mafanikio likitajwa kwenye mikutano yetu, najua kinachofuata: jina la mtu tajiri, gari lake, nyumba yake, kisha tunaambiwa na sisi tunaweza. Leo nimekuja na mtu wa aina nyingine. Hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi hata mara moja. Kosa lake moja uwanjani linasimuliwa mpaka leo. Na bado mji huu ulimpa mazishi ya kitaifa.

Wangapi mmewahi kupita nje ya MCG, ule uwanja mkubwa wa michezo hapa mjini, mkasoma jina Jim Stynes chini ya sanamu? Nyoosheni mikono. Watano, sita. Basi tumepata kazi ya kufanya jioni hii.

Stynes alizaliwa Dublin, Ayalandi, Aprili 1966. Kwao watu wanacheza mpira wa Kigaeli: wachezaji 15 kila upande, mpira wa mviringo, uwanja wa pembe nne, na hakuna anayelipwa mshahara. Mwaka 1984, akiwa na miaka 18, aliichezea timu ya vijana ya Dublin ikatwaa ubingwa wa Ayalandi nzima. Angeweza kubaki palepale, akasifiwa mtaani kwao mpaka uzeeni. Lakini klabu ya Melbourne ilikuwa imetangaza kule kwao kwamba inatafuta vijana: njooni Australia, msome, mcheze. Wazo hilo lilikuwa la kocha Ron Barassi, ambaye aliona michezo hii miwili inafanana kwa mambo mawili makubwa, kudaka mpira hewani na kuupiga kwa mguu ukitokea mkononi. Wengi walimcheka. Stynes akapanda ndege mwishoni mwa mwaka huohuo.

Wanangu mliokulia hapa, nivumilieni kidogo niwaeleze wazee. Mchezo wa hapa una watu 18 kila upande. Uwanja una umbo la yai, na mpira wenyewe una umbo la yai. Kila upande una nguzo nne. Ukiupitisha mpira kwa mguu kati ya zile mbili za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1. Hakuna kuotea. Na mpira ule ukidunda chini, hata aliyeupiga hajui utaelekea wapi.

Sasa mfikirie kijana aliyelelewa na mpira wa mviringo. Alikuwa mrefu, karibu mita 2, na mbio alikuwa nazo. Lakini kuuachia ule mpira wa yai uangukie mguuni vizuri? Ulimshinda. Akapelekwa Prahran, klabu ya daraja la chini, akacheze huko kwanza. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, dhidi ya Geelong, ilikuja mwaka 1987. Tangu afike ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi. Miaka miwili, wazazi wangu! Na sisi mtoto akikaa benchi Jumamosi mbili tu, kocha anapigiwa simu na baba, na mama, na mjomba aliyeko Nairobi.

(Hapa walicheka, lakini kuna waliotazama chini.)

Tuje kwenye siku yenyewe. Septemba 1987, uwanja wa Waverley Park, kule Mulgrave, ambako siku hizi pana makazi ya watu. Mechi ya kuingia fainali kuu, Melbourne dhidi ya Hawthorn. Ili mwelewe uzito wake, lazima mjue klabu ya Melbourne ilikuwa katika hali gani. Ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1964. Tangu hapo haikuwa imeingia hata hatua ya mtoano. Miaka 23! Nahodha, Robert Flower, mmoja wa wachezaji waliopendwa kuliko wote katika mji huu, alianza kuichezea mwaka 1973, na mpaka msimu ule hakuwa ameonja mechi ya mtoano. Alikuwa amekwisha amua kustaafu. Kila shabiki wa Melbourne alitaka kitu kimoja: Flower acheze fainali kuu, kisha apumzike.

Dakika za mwisho Melbourne inaongoza kwa pointi 4. Hawthorn wanapewa mpira wa adhabu, mpigaji ni Gary Buckenara. Yuko mbali, zaidi ya mita 50 kutoka golini. King'ora cha mwisho kinalia. Kwa sheria za mchezo huu, king'ora kikilia mpigaji bado anaruhusiwa kupiga, lakini kwa umbali ule nafasi ilikuwa ndogo.

Na kuna sheria nyingine. Mpinzani mmoja tu husimama mbele ya mpigaji, pale refa anapoonyesha. Wengine hawaruhusiwi kukatiza katikati yao. Stynes alikuwa anamkimbilia mtu wa Hawthorn aliyedhani ameachwa bila mlinzi. Alikuwa anafanya kazi yake, tena kwa bidii. Akakatiza palepale katikati.

Refa akapuliza. Mita 15 mbele. Ghafla pigo gumu likawa pigo ambalo mchezaji kama Buckenara halikosi. Akapiga. Katikati ya nguzo. Hawthorn 80, Melbourne 78.

Pointi 2. Miaka 23 ya kungoja ikaishia kwenye pointi 2, na safari ya Robert Flower ikaishia hapohapo. Kocha John Northey alimfokea yule kijana mbele ya kamera za televisheni, na nchi nzima ikaona. Alikuwa na miaka 21. Mgeni. Ana lafudhi ya kwao. Mwaka uliofuata adhabu ya kosa la aina ile ikapandishwa kutoka mita 15 hadi 50, kwa hiyo kila ilipotolewa, mtu alikuwa na sababu ya kumkumbuka.

Vijana, nawauliza. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungefunga akaunti zako zote? Ungeomba nauli ya kurudi kwenu? Ungemlaumu refa? Mimi nadhani ningelaumu refa.

Mkiangalia rekodi zake mtaona kilichotokea. Ule mfululizo wa mechi nitakaoueleza sasa hivi, ambao haujavunjwa na mtu yeyote katika historia ya mchezo huu, ulianza msimu uleule wa 1987. Mechi ya kosa imo ndani yake. Maana yake timu iliporudi uwanjani msimu uliofuata, Stynes alikuwepo. Wiki iliyofuata, alikuwepo. Wiki iliyofuata tena, alikuwepo. Mwaka 1988 Melbourne walifika fainali kuu, wakafungwa na Hawthorn walewale kwa tofauti ya pointi 96. Hiyo si kufungwa, ni kutandikwa. Msimu mpya ulipoanza, alikuwepo.

Mechi 244 mfululizo. Kutoka 1987 hadi 1998. Katika mchezo ambao watu wanagongana bila kofia wala magamba ya kujikinga, na yeye akiwa katika nafasi mbaya kuliko zote: ndiye anayeruka katikati ya uwanja kugombea mpira, goti la mwenzake likija kifuani kila mara. Kilichomsimamisha mwishoni ni kuvunjika mkono. Jumla ya mechi zake za ligi kuu ni 264, kwa hiyo zile ambazo haziko ndani ya mfululizo ni 20 tu. Mwaka 1998 akastaafu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasifiaji wake hawalisemi. Mwaka 1993 gegedu ya ubavu ilimchomoka. Kocha hakutaka kumpanga mpaka aone, basi Stynes akakubali wenzake wamvamie mazoezini, mmoja baada ya mwingine, athibitishe kwamba anaweza kuhimili. Akathibitisha, akacheza. Hadithi hii husimuliwa kwa sifa nyingi. Mimi siisifu. Mama zangu, mtoto akisema kichwa kinamuuma baada ya kugongwa, hachezi. Kocha akinuna, anune. Leo ligi yenyewe ina sheria kali kuhusu mtikisiko wa ubongo, na imezipata baada ya wachezaji wengi wa zamani kuumia. Kufika uwanjani ni jambo moja, na kuficha maumivu ni jambo lingine. Kijana wangu, unaweza kufika ukiwa na magongo, ukakaa benchi, ukawabebea wenzako maji. Na hapo umefika.

Mwaka 1991 akapata nishani ya Brownlow. Wazee, hii ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji mmoja mmoja. Kila mechi ikiisha, marefa wenyewe hukaa na kutoa kura 3, 2 na 1 kwa waliong'ara. Mwisho wa msimu zinahesabiwa usiku mmoja, mbele ya taifa. Ukiwa umefungiwa kwa kucheza rafu, huwezi kuipata hata ukiwa na kura nyingi kuliko wote. Stynes alipata kura 25. Mtu aliyekuja nchi hii hajawahi kucheza mchezo wao, miaka saba tangu ashuke kwenye ndege, marefa wa ligi wakasema huyu ndiye.

Nimesema marefa, sikilizeni vizuri! Watu wa kazi ileile ya yule aliyempulizia kipenga kule Waverley.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaipenda tukiwa wenyeji, tukipokea wageni wenye zawadi. Lakini humu ndani sote ni wageni, au watoto wa wageni. Wapo waliopita Kakuma, nawajua, wengine tulikutana hukohuko. Basi mjue kwamba Aliir Aliir, beki aliyeanzia Sydney Swans kisha akahamia Port Adelaide, alizaliwa Kakuma mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Sudan. Mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Kabla yake, mwaka 2013, Majak Daw alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza ligi kuu, akiwa na North Melbourne. Mlango ambao Stynes alipita akiwa na mpira wa mviringo kichwani haujafungwa. Sikusema ni mpana.

Sasa nataka nizungumze na wazazi kidogo, vijana mnaweza kunywa soda.

Mwaka 1994, bado anacheza, bado anapigwa magoti kila wiki, Stynes na mtengenezaji filamu anayeitwa Paul Currie walianzisha shirika la vijana linaloitwa Reach. Alikuwa amesomea ualimu, kwa hiyo hakuingia huko kama mchezaji maarufu anayetafuta jina zuri. Walichofanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya: kuwakusanya vijana chumbani, wakaongea. Na wanaoendesha mazungumzo si wazee kama mimi, ni vijana wenzao waliofunzwa kazi hiyo. Kijana anakaa kwenye duara, anasema yaliyomo moyoni, na hakuna anayemkatiza kwa mawaidha.

Je, nyumbani kwetu kijana anasema lini? Tukimuuliza "shule vipi?" anajibu "poa", na sisi tunatosheka. Tumefanya kazi zamu mbili, tumechoka, hatuna nguvu ya kuuliza swali la pili. Simlaumu mtu. Lakini jiulizeni: mtoto wangu akipata siku yake ya Waverley, siku ya kosa mbele ya watu wote, mtihani umemshinda, au picha yake imesambazwa na wenzake, atakuja kwangu? Au mimi ndiye nitakuwa yule kocha anayefoka mbele ya kamera?

Northey na Stynes waliendelea kufanya kazi pamoja, nishani ya 1991 aliipata chini ya kocha huyohuyo. Kwa hiyo kufoka si mwisho wa dunia. Ila si kila mtoto ana ngozi ya Jim Stynes.

Mwaka 2008 klabu ya Melbourne ilikuwa hoi. Deni la dola kama milioni 5, mashabiki wamekata tamaa, watu wanasema ifutwe au ihamishwe. Nani achukue uenyekiti wa kitu kama hicho? Stynes akachukua. Miezi michache baadaye akaita hafla ya kulipunguza deni, na usiku mmoja ukaleta zaidi ya dola milioni 1. Mimi nimekaa kwenye kamati za harambee miaka mingi, najua ugumu wa kupata hata dola 2,000 za kukodi ukumbi kama huu. Watu hawatoi kwa sababu ya hotuba. Wanatoa wakimwona anayeomba alikuwepo jana na atakuwepo kesho. Kufikia Agosti 2010, deni lilikuwa limekwisha.

Katikati ya kazi hiyo, Julai 2009, akawaita waandishi wa habari akawaambia ana saratani. Ilianzia kwenye ngozi, ikasambaa mwilini, baadaye ikafika kwenye ubongo. Upasuaji juu ya upasuaji. Na katikati ya upasuaji, alikuwa anakwenda vikaoni.

Sitaki niwape hadithi ya malaika. Deni lilikwisha, lakini timu uwanjani ilikuwa mbovu. Julai 2011 Geelong waliifunga Melbourne 233 kwa 47. Hesabuni wenyewe: tofauti ya pointi 186, moja ya vipigo vikubwa kuliko vyote katika historia ya ligi. Kocha Dean Bailey akafukuzwa mara baada ya mechi hiyo. Na mwaka 2013, Stynes akiwa kaburini, ligi iliitoza klabu faini ya dola 500,000 kwa mambo yaliyofanywa na viongozi wake katika msimu wa 2009, ingawa ilisema haikuthibitika kwamba timu ilipoteza mechi kwa makusudi. Hayo yalitokea yeye akiwa mwenyekiti. Nayataja kwa sababu vijana wetu wana simu, watayasoma, na sitaki waseme mjomba alituficha. Mtu anaweza kuokoa klabu na bado mambo mengine yakaharibika mikononi mwake. Kwangu haipunguzi kitu. Inanipa nafuu, kwa kweli.

Alifariki tarehe 20 Machi 2012, akiwa na miaka 45. Mazishi ya kitaifa yalifanyika kanisa kuu la St Paul's, lile mnaloliona mkishuka kituo cha Flinders Street mkavuka barabara. Watu walijaa mpaka uwanja wa Federation Square, wakifuatilia kwenye skrini. Kijana wa Dublin. Mtu aliyekatiza.

Melbourne walitwaa ubingwa mwaka 2021, wa kwanza tangu 1964. Walicheza Perth kwa sababu ya korona, wakaifunga Western Bulldogs kwa tofauti ya pointi 74, na sisi hapa tulikuwa tumefungiwa majumbani, hata kwenda kushangilia barabarani hatukuweza. Stynes hakuuona. Robert Flower naye hakuuona, alifariki mwaka 2014.

Basi, vijana, nimemaliza upande wangu. Kuna aliyeniuliza kabla sijapanda hapa kama mtu wa miaka 16 ambaye hajawahi kuushika mpira wa yai amechelewa. Umesikia mwenyewe mwenzako alianza na miaka 18. Lakini ujue utakaa benchi, na utauangusha mpira, na watacheka. Jumanne saa kumi na moja jioni mazoezi yapo, na Alhamisi vilevile, hata mvua ikinyesha. Hasa mvua ikinyesha, maana hapo ndipo kocha anaona nani amekuja.

Wazazi, fomu ziko mezani pale mlangoni. Za watoto wadogo, miaka 5 hadi 12, ni zile upande wa kushoto. Viatu vilivyotumika tumekusanya jozi kadhaa, angalieni namba kabla ya kuchukua. Na wenye magari yenye nafasi siku ya Jumanne, andikeni majina kwenye karatasi ya njano, kwa sababu nusu ya watoto wanaokosa mazoezi hawakosi kwa uvivu, wanakosa mtu wa kuwapeleka. Sasa maswali. Nianze na mama yule mwenye kitenge cha kijani, ameinua mkono tangu nilipotaja ubavu.